Jozi Tisa Mlangoni

Mzee Hamad Mbarouk alikuwa keshaipita mikarafuu mitatu, anakwenda miguu mitupu, kofia kaishika mkononi, wakati Mabruki katibu alipotoka nje ya banda na kuona makubadhi ya mzee bado yako mlangoni.

"Mzee Hamad!" akaita. "Viatu!"

Mzee Hamad alisikia, maana bega lilimshtuka. Lakini mtu aliyekwisha sema mbele ya watu wanane kwamba harudi tena hawezi kurudi hapo hapo kufuata viatu. Akashika njia ya shamba la muhogo mpaka asionekane. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alasiri, mwaka wa hamsini na tisa, Pujini.

Banda lenyewe lilikuwa la Chama cha Kuzikana. Juu kwenye boriti liliwekwa jeneza, chini pakatandikwa mkeka, na kwenye pembe palikuwa na sanduku la sanda. Chama kilikuwa na miaka ishirini na moja na kazi moja tu: akifa mwanachama, awe mwenye mikarafuu mia au asiye na hata mmoja, jeneza litoke na watu wa kamati wawe wa kwanza kutia bega. Kamati ilikuwa ya watu tisa. Hawalipwi. Wakipata chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, basi.

Waasisi waliandika masharti kumi na moja kwenye daftari, kwa herufi za Kiarabu. Sharti la nne lilisema jeneza halitoki bila ya shauri la kamati, na kamati si kamati mpaka watimie watano. Sharti la tano lilisema namna ya kujua kama wametimia. Pujini watu hawahesabiwi kwa kidole, kwa kuogopa asije mmoja wao akapungua. Kwa hiyo katibu husimama mlangoni akahesabu viatu. Jozi moja, mjumbe mmoja. Sharti la sita lilihusu kukata shauri. Hapanyanyuliwi mikono. Mwenyekiti husema jambo, na asiyeridhika huinuka akavaa viatu vyake. Viatu vikikaa vilivyo, jambo limepita.

Jozi zote tisa alizishona Mabruki mwenyewe. Alikuwa fundi wa makubadhi, mtoto wa Mzee Nyange, yule aliyetoka bara zamani kuja kuchuma karafuu msimu mmoja na asirudi. Mama yake Mabruki, Bi Kijakazi, ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike wa Pujini. Kwa miaka thelathini hakuna mama wa mtu aliyetoka nyumbani bila ya kupita mikononi mwake.

Na ugomvi wa siku ile ulitoka hapo hapo. Zilikuwa zama za siasa. Majina ya vyama hayana haja. Kwa Pujini vilikuwa viwili, na kila kimoja kiliwaambia watu wake wasinunue duka la upande wa pili, wasipande gari lao, wasioe kwao wala wasiwazike. Mwezi ule Bi Kijakazi alikuwa ameosha maiti wawili katika wiki moja. Wa kwanza alikuwa dada yake Mzee Hamad. Wa pili alikuwa mama mdogo wa Silima, mjumbe wa kamati hiyo hiyo, lakini wa upande wa pili. Wote wawili aliwamwagia maji kwa kata moja.

"Kata ile ile," alisema Mzee Hamad mkutanoni. "Nimeuliza nikaambiwa ile ile."

Bi Kijakazi akaitwa. Alisimama nyuma ya mlango wa nyuma, kama desturi ya wanawake, akajibu kutoka huko.

"Mie nikiingia nyumba ya ntu huuliza maji yako wapi. Kadi sijauliza hata siku moja."

Ndipo Mzee Hamad aliponyanyuka.

Jioni ile Mabruki alimpelekea viatu vyake, akaviweka barazani. Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata vilikuwa mlangoni pa banda, vina vumbi la njia, vidole vimeelekea ndani. Mabruki akavihesabu, kwa kuwa sharti la tano halimpi katibu ruhusa ya kuruka viatu, kisha akavirudisha tena. Mwezi wa tatu Mzee Hamad alinunua jozi mpya kwa fundi wa mjini Chake. Hizo nazo zikaja. Mlangoni sasa pakawa na jozi mbili za Mzee Hamad. Mabruki aliandika moja, kwa sababu mtu mmoja hana sauti mbili.

Mzee Hamad akamjia kwenye kibao chake cha kushonea.

"Fundi, hivi viatu umevitia nini?"

"Ngozi ya ng'ombe, mzee. Na misumari."

"Na ile jozi ya Chake?"

"Ile sijui. Ile haikushonwa vizuri."

Mzee Hamad akaenda zake na miguu yake mitupu. Wiki ile alipanda jukwaani kwenye mkutano wa chama chake bila ya viatu. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakampigia makofi, na vijana kadhaa wakavua vyao.

Wajumbe wawili walimfuata Mzee Hamad kutoka. Baada yao alitoka Silima na mwenziwe mmoja. Silima alisema hawezi kukaa katika kamati iliyomwacha Hamad atoke kwa heshima kiasi kile, alitaka afukuzwe. Wa mwisho alikuwa Mmanga, mwenye duka, ambaye wateja wa upande mmoja walimwambia akikaa hawanunui, na wa upande wa pili wakamwambia akitoka hawanunui. Alipiga hesabu ya sukari akaona atoke. Wote walikwenda nyumbani miguu mitupu. Wote walijaribu jozi nyingine, kisha wakaacha.

Walibaki watatu: Mabruki, Shehe Kificho, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyeshika uenyekiti, na Ame, mkwezi wa minazi, ambaye alikuwa akisema yeye siasa huiona kwa juu tu na haimpendezi hata kutoka huko.

Mambo yakaenda hivyo hadi kiangazi cha mwaka wa sitini. Bi Kijakazi akaanza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Daktari wa Chake alimpa vidonge, akamwambia Mabruki kando kwamba vidonge vile ni vya kumfurahisha. Bi Kijakazi alikuwa ameona maiti wengi na hakuhitaji kuambiwa kando.

"Mabruki."

"Naam, mama."

"Mama wa Hamad nimemtoa mie. Mama wa Silima nimemtoa mie. Mama wa Mmanga alikuwa nzito, tulimgeuza watu watano. Na mie nataka kutoka kwa jeneza lile, wanawao watie bega. La kuazima sitaki."

"Kamati haijatimia, mama. Tuko watatu."

"Basi itimize. Katibu ni nani, si weye?"

Mabruki akafunga kazi zake, akatoka kutafuta wajumbe. Alihitaji wawili tu.

Alianza kwa Mmanga. Duka lilikuwa wazi na mlikuwa hamna mtu. Mmanga alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, miguu kaining'iniza.

"Bwana Mmanga, nimekuja kukuomba urudi."

"Nikirudi nitamuuzia nani?"

"Sasa unamuuzia nani?"

Mmanga akatazama duka lake. "Hilo swali la kitaalamu," akasema. "Lakini bado kuna nzee mmoja anakuja kununua mafuta ya taa. Sitaki kumpoteza."

Kwa Silima alikaribishwa vizuri, akapewa kahawa. Silima alikuwa mcheshi na siku ile alikuwa na furaha, kwani upande wake ulikuwa umetia umeme wa betri kwenye ofisi.

"Nitarudi, nduu yangu, kwa nini nisirudi? Ila Hamad asiwepo."

"Hamad keshatoka mwaka jana."

"Na viatu vyake?"

"Viatu vipo."

"Ahaa!" Silima akacheka, akampiga Mabruki pajani. "Huyo bado yupo. Viondoe vile, mie nije."

"Vyako vipo pia, Bwana Silima."

"Vyangu viache."

Kwa Mzee Hamad hakwenda mbali. Nyumba yake ilitazamana na ua wa Bi Kijakazi, njia tu katikati. Mzee Hamad alisikiliza mpaka mwisho, akauliza hali ya mgonjwa, akasikitika kwa dhati, akaita mkewe alete ndizi mbivu za kumpelekea. Halafu akasema kama mama ataacha wasia kwamba aliwaosha wale wa upande wa pili kwa kutojua, basi yeye yuko tayari kufikiri.

"Alijua, mzee."

"Najua alijua. Mie nasema aseme."

Mabruki alizichukua ndizi. Bi Kijakazi akala moja, akauliza ni za nani, akala ya pili.

Vijana nao aliwajaribu. Mmoja alitaka kwanza kujua wenzake ni wa upande gani, akaambiwa ni mchanganyiko, akasema amekumbuka ana safari. Mwingine alikubali bila ya maneno, na jioni baba yake akaja kumkubalia kutokubali.

Aliyebaki ni Bi Time, aliyekuwa akiosha pamoja na Bi Kijakazi na kushika ndoo. Huyu alikubali kabla Mabruki hajamaliza kusema. Mabruki akaenda mbio kwa Shehe Kificho. Shehe alifungua daftari, akasoma masharti kumi na moja mara mbili.

"Hapakuandikwa kuwa mwanamke haruhusiwi," akasema. "Lakini viatu vinahesabiwa mlangoni, na wanawake wanapita nyuma. Nyuma si mlangoni."

"Mie nitaviweka mbele, kisha nizunguke nyuma," akasema Bi Time, aliyekuwa amefuata na kusimama nje.

Shehe akalifikiri. "Watu watasema, Bi Time."

"Watu wepi, Shehe? Watu si ndio tunaowatafuta?"

Shehe Kificho alifunga daftari polepole. Alikuwa mtu mwema, na lilimuuma kweli, lakini hakulifungua tena.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Novemba, Mabruki alikwenda bandani akijua wako watatu. Akasimama mlangoni na daftari, kama kawaida. Miezi yote ile viatu vya waliotoka vilikuwa vikija kwa zamu, leo jozi moja, mwezi ujao nyingine, na hata siku moja hazikufika tano pamoja na za waliobaki. Siku ile zilikuja zote. Makubadhi ya Mzee Hamad yalikuwa mbele kabisa, mahali pake pa siku zote. Ya Silima yalikuwa ubavuni mwake, yamegusana. Ya Mmanga yalikuwa na chembe za mchele. Mabruki akavua yake, akahesabu, akaingia.

"Wangapi?" akauliza Shehe Kificho.

"Tisa."

Shehe akatazama mkeka, palipokuwa na Ame peke yake akipuliza chai. "Tisa mlangoni?"

"Mlangoni."

"Basi kamati imetimia. Bismillahi."

Kwenye mlango wa nyuma, Bi Time alikuwa ameleta birika. "Shehe," akasema. "Kiatu kitupu cha Hamad ni njumbe, na mie mwenye miguu ndani si njumbe?"

"Kiatu kiko mlangoni, Bi Time," akasema Shehe Kificho, na hakumtazama.

Kisha akalisema jambo: kwamba akitangulia Bi Kijakazi, jeneza litoke, na kamati itie bega. Asiyeridhika avae viatu vyake.

Wakangoja. Ame alikuwa amekaa karibu na mlango, akachungulia. Nje palikuwa na upepo mdogo na kuku mmoja. Kuku alipita katikati ya viatu, akadonoa mchele wa Mmanga, akaenda zake. Hakuna kiatu kilichosogea.

"Limepita," akasema Shehe. Mabruki akaandika.

Bi Kijakazi alikufa Jumatano, saa nne za asubuhi, jua likiwa kali. Bi Time alimwosha kwa kata ile ile. Mabruki na Ame walilishusha jeneza, wakalileta uani, na habari ikapigiwa mbiu njia nzima mpaka Chake. Wakangoja adhuhuri. Wanawake walikuja wengi, wa pande zote mbili, kwa kuwa wanawake walipita vichakani na hakuna aliyewaona. Wanaume walikuja wanne: Mabruki, Ame, Shehe Kificho, na yule mzee wa mafuta ya taa, ambaye alikuwa na nyonga mbovu.

Viatu vilifika baada ya sala ya adhuhuri. Vilikuja kwa njia zake, jozi kwa jozi, vya Mzee Hamad vikivuka tu kutoka barazani. Vikajipanga kwenye pembe za jeneza panapopangika watu, viwili viwili. Shehe akasema, "Inueni." Jeneza likainuka, likasimama usawa wa mabega, mbele Mabruki na Ame, na nyuma hapakuwa na kitu ila hewa, na chini ya hewa makubadhi, kisigino kikipanda na kushuka. Shehe alianza tahlili, wakaifuata njia. Walipokezana kama inavyopokezwa. Jozi moja ikichoka hutoka pembeni na nyingine huingia. Ame alisema baadaye kuwa nyuma walibeba vizuri kuliko mbele, na kwamba Silima siku zote alikuwa na tabia ya kuharakisha, na viatu vyake vilikuwa nayo.

Mzee Hamad alikuwa amekaa barazani kwake. Desturi ya Pujini ni kwamba jeneza likipita, aliyekaa husimama akatia bega japo hatua saba. Aliinuka nusu. Akaona viatu vyake vinapita chini ya jeneza, vya zamani na vile vya Chake pia. Akakaa, akavuta miguu yake mitupu ndani ya kanzu.

Bi Time alikuwa kwenye kizingiti cha ua, maana wanawake hawaendi makaburini. Akamsemesha ng'ambo ya njia.

"Mzee Hamad. Mamako kaoshwa na nani?"

"Kaoshwa na Kijakazi, Mungu amrehemu."

"Basi?"

"Basi nini? Viatu vyangu si hivyo vinakwenda?" Alisema bila ya hasira, kama mtu aliyekwisha lipa nauli. "Jozi mbili nimetoa. Mnatakani tena?"

Bi Time akaingia ndani kumwaga maji.

Kwenye uwanja wa kusalia maiti, viatu vilijipanga pembeni kama vinavyovuliwa. Shehe alisimama mbele, watatu wakawa safu moja nyuma yake, na safu ilikuwa na nafasi sita katikati. Yule mzee wa mafuta ya taa alitaka kusogea azibe, Shehe akamwambia pana watu. Kaburini aliingia Mabruki. Alipotoka, viatu vilikuwa vimeshaanza kuusukuma mchanga kaburini kwa visigino. Bi Kijakazi alikuwa ametoka kwa jeneza alilotaka. Mabruki alijua kuwa si hivyo hasa alivyotaka, akaliandika kwenye daftari kama ilivyokuwa: wajumbe tisa walihudhuria.

Habari ile ilienea na ikawapendeza wengi. Upande wa Mzee Hamad ulisema ni dalili ya utu wao. Upande wa Silima ulisema hivyo hivyo. Tangu hapo, akifa mtu wa upande wowote, wa upande wa pili walikaa nyumbani kwa moyo mkunjufu, wakaacha milango wazi ili viatu vipate kupita.

Mzee Hamad Mbarouk alifariki mwaka wa sitini na mbili. Watu wa upande wake walikuwa wamekwisha nunua jeneza lao, jipya, na wakamzika kwa hilo. Makubadhi yake yalifuata nyuma, kisha yakarudi mlangoni pa banda. Silima alihamia kisiwa cha Fundo kwa shemeji zake, akawa mvuvi. Viatu vyake huchelewa kidogo kwa sababu ya maji, na hufika na chumvi. Mmanga alifunga duka. Ame alianguka mnazini akavunjika mguu, akaacha kamati kwa kuwa hawezi kutembea. Viatu vyake havikuacha. Shehe Kificho alipofuka macho, akabaki mwenyekiti, huwatambua wajumbe kwa mlio wa ngozi. Mabruki yuko pale pale kwenye kibao chake. Kabla ya kila Ijumaa ya kwanza humjia jozi zilizolika soli, zikajipanga foleni, naye huzishona. Wenyewe hawajaja.

Bi Time ndiye anayeosha. Mwaka wa sitini na tatu aliomba tena kuingia kwenye kamati. Alijibiwa kwa barua, kwa adabu, kwamba chama kinamshukuru kwa kazi yake, lakini nafasi zote tisa zimejaa.